Saa ya Nakonde na Ndege ya Mchana

Siku ya kuniaga mlinisimamisha mbele ya keki, mkanipa kipaza sauti, nikasema "asanteni" nikakaa. Mlidhani nimezidiwa na machozi. Machozi hayakuwepo. Maneno ndiyo yalikuwa mengi kuliko muda, na wote tulikuwa tunasikia ndege ya mchana inakaribia kutua. Kwa hiyo nimeyaandika hapa kwa mkono wangu, mimi Yunisi Haonga wa Iyula, niliyeishia darasa la nne kwa sababu kahawa ya baba ilikosa wachumaji. Mkiona nimekosea herufi, sahihisheni kimyakimya.

Nawaandikia ninyi mliobaki na matambara: Roida, Tabu, Lusungu, na wale wawili wapya, Witnesi na Anjelina, ambao bado wanavaa pete ndani ya glavu. Vueni pete. Glavu ikipasuka chooni mtanikumbuka.

Mambo ya mshahara siandiki, mnayajua, ni mafupi. Vyeo navyo sina cha kusimulia. Katika miaka yote ile nilichopanda ni ngazi ya ndege.

Kabla ya hapo nilikuwa nafagia mabasi Tunduma. Basi linafagiliwa likiwa limelala. Linaingia limechoka, mnapanda na fagio la chelewa, mnafagia huku konda anawapigia soga, mkimaliza mmemaliza. Basi lenyewe likitakiwa kuondoka linapiga honi, linasogea hatua mbili, linasimama, konda anaita, mtu anakimbia na begi, mwingine anatafutwa hotelini amekwenda kunywa chai. Nililelewa na kazi hiyo. Nilijua kuwa chombo cha safari kinangoja watu, kama mama anavyongoja watoto wamalize kula.

Siku moja mchungaji wetu akatangaza kanisani kwamba kuna kampuni ya ndege za bei nafuu inaanza kutua uwanja wa Songwe, na inataka akina mama wa usafi. Watu wakacheka. Ndege na bei nafuu tulikuwa hatujawahi kuyasikia yamekaa benchi moja. Nikaenda nikaone hicho kichekesho.

Siku ya kwanza ndiyo sitaisahau hata nikisahau jina langu. Tulisimama ukutani akina mama wanne na vizibao vya kung'aa, na aliyetufundisha alikuwa Zuhura, mwanamke mwembamba kutoka Dar es Salaam, mkali kama pilipili ya kukaanga. Ndege ikatokea upande wa milima, ndogo kama inzi, halafu kama mwewe, halafu kama nyumba. Ilipogusa ardhi nilisikia kifua changu kinatikisika. Mwenzangu Tabu akanong'ona, "Bwana Yesu!" na Zuhura akasema, "Yesu baadaye, dada. Shikeni mifuko."

Maana hapo ndipo nilipoona muujiza wenyewe. Kuruka kwa ndege nilikuwa nimeshakusikia. Sikuwahi kusikia kwamba abiria watashuka huku, mizigo inashushwa kule, mafuta yanatiwa, sisi tunaingia na mifuko myeusi, wapya wamepanga foleni tayari, na kabla sijamaliza kushangaa vile viti, Zuhura ananivuta mkono, "Toka, toka, wanaingia!" Mlango ukafungwa. Ikaenda. Chombo kile kikubwa kilikaa ardhini muda ambao basi la Tunduma linautumia kutafuta dereva.

Nikamwuliza Zuhura, "Sasa kinakimbizwa na nini?"

"Yunisi, kwenu kuna mashine ya kusaga?"

"Ipo pale Iyula, ya Mzee Mwampashi."

"Ikizimwa mchana kutwa, Mwampashi anapata nini?"

"Anapata usingizi."

Akacheka, na haikuwa kawaida yake. "Basi ndege ni mashine ya kusaga. Ikiwa chini haisagi. Wenye ndege za bei kubwa wanaweza kuiacha ipumzike. Sisi tumewaahidi watu bei ndogo, kwa hiyo lazima isage kutwa, Dar, Songwe, Dar, Mwanza, Dar. Dakika unazozembea wewe hapa, mtu wa Mwanza ndiye anayezilipa."

Zuhura ndiye aliyenifundisha kila kitu, na mengi ninyi mnayafanya bila kujua yalikotoka. Kuanzia nyuma kuja mbele, kwa sababu mbele ndiko wanakoingilia. Tambara la choo rangi yake, la meza rangi yake, na atakayeyachanganya nisimwone. Kukunja mkanda wa kiti mara moja, si kuubembeleza. Alinionyesha pia kwamba viti vyetu havina mfuko nyuma, vina ngozi na si kitambaa. Nilidhani ni umaskini. Akasema, "Mfuko ni kaburi la maganda ya karanga. Kila mfuko unataka mkono, kila mkono unataka muda. Waliotengeneza viti hivi walikufikiria wewe." Nilisimama nikakitazama kile kiti. Mtu asiyenijua, mahali nisipopajua, alikaa akafikiria mkono wangu! Nilijisikia nimesalimiwa.

Na zile ndege zote ni za aina moja. Hili nalo lilinishangaza mpaka nikamwuliza rubani wetu wa kwanza, Kapteni Lameki, mtu mpole aliyekuwa anatusalimia kila mmoja. Akasema, "Bibi, ukiwa na aina moja ya ndege, rubani akiugua mwingine anakaa palepale bila kusoma upya. Kifaa kikiharibika cha akiba kinaingia popote." Nikaelewa. Mwanamke mwenye masufuria yenye mifuniko inayoingiliana hahangaiki jikoni.

Wahudumu nao, mabinti wazuri wamepaka wanja, kabla ya kutua wanapita njia ya katikati na mfuko wakiomba takataka kwa tabasamu. Nilikuwa naona aibu kwa niaba yao, mpaka Halima, mhudumu wa siku zile, aliponiambia, "Bibi, hapa kila mtu ana kofia mbili. Hata rubani angekuwa na mkono wa tatu wangempa ufagio." Chakula cha bure hakuna, ukitaka soda au karanga unanunua. Mzee mmoja wa Vwawa aliambiwa hivyo akajibu, "Afadhali. Cha bure huwa wanakiweka ndani ya nauli."

Nauli nayo watu waliona ni uchawi. Kwamba wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja kalipa kidogo na mwingine kalipa mara tatu, na wote wanafika saa ile ile. Ndugu zangu walinijia nyumbani kuuliza kuna ujanja gani. Nikawaambia ni kama mahindi. Mwezi wa saba yako uani, kila mtu anauza, unayapata kwa bei ya kucheka. Mwezi wa kwanza debe lilelile unalinunua unalia. Anayenunua kiti mapema ananunua wakati wa mavuno. Walielewa papo hapo, tena wakaanza kunilaumu kwa nini sikuwaambia mwezi wa saba.

Kilichowashinda watu wetu ni mizigo. Kampuni ilikuwa inauza kiti peke yake, mzigo una malipo yake. Sasa mwambie mama wa Mbozi aende kwa binti yake aliyejifungua bila unga wa ulezi! Huko si kusafiri, ni kufukuzwa. Nilimwona mama mmoja, Tusajigwe jina lake, amefunga unga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, na kofia ya sufu juu. Binti wa kaunta akamwambia, "Mama, mtoto naye anahitaji jina kwenye safari." Akajibu bila kupepesa, "Bado hajabatizwa." Wote pale kaunta walicheka mpaka wakaegemea mizani. Unga alilipia. Lakini alipanda ndege, mama yule, na hilo ndilo ninalotaka mlishike. Muuza chumvi wa Ivuna amekaa dirishani, pembeni yake mtu mwenye tai, na wote wawili wamefunga mikanda. Kule Tunduma nilikofagia mabasi, mtu wa kawaida alikuwa anaitazama ndege kama anavyotazama mwezi.

Mimi mwenyewe kampuni ilinipa kiti. Kila mfanyakazi anapata kimoja kwa mwaka, chake au cha ndugu wa karibu, ila si kiti cha uhakika: unasubiri kaunta, ikifungwa na kiti kimebaki, unaingia. Mara ya kwanza kupaa niliitazama ile barabara ya Tunduma, yale malori ambayo kule chini yakikupita unashika sketi, yamekuwa mstari wa siafu. Nikabandika paji la uso kwenye kioo. Aliyekaa nami aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana, natazama tu.

Basi watu wakazidi. Ndege ya asubuhi ikajaa, na kampuni ikaongeza ya mchana. Hiyo ya mchana ilikuwa ni ya watu wa Tunduma hasa, kwa sababu walipata muda wa kutoka mpakani kwa vigari vya noah, hata wa Nakonde upande wa Zambia walikuwa wanavuka kuja kuipanda. Kwa ajili ya ndege hiyo waliajiriwa akina mama wengine, na mmoja wao ni Roida Simbeye. Roida, hukuniomba niandike, lakini hawa wapya wajue. Ulikuja na kanga moja ya kujifunga, mume amefariki, watoto watatu umewaacha kwa mama mkwe ambaye alikuwa amekupa hadi mwisho wa mwaka: upate kazi ya kueleweka au watoto wabaki kwake. Ndege ya mchana ndiyo ilikuwa kazi ya kueleweka. Ulikuwa unaipangusa kama kitanda cha mgeni.

Halafu viti vikaanza kubaki wazi. Mwanzo kidogo, halafu safu nzima nyuma. Tulikuwa tunaingia kusafisha viti ambavyo havikukaliwa, na hakuna kitu cha huzuni kama kupangusa meza safi. Kila siku abiria wa Tunduma walikuwa wanafika mlango umefungwa, wanapiga kelele kaunta, wanarudi. Tiketi ya bei nafuu haina kurudishiwa, hilo limeandikwa. Wakirudi Tunduma wanasema, "Ile ndege ni ya wezi, inakula nauli inaondoka." Maneno ya Tunduma yanasafiri kuliko malori. Watu wakarudi kwenye mabasi.

Mkuu wetu wa kituo, Rehema Kibona, binti wa Ileje, akatuita chumba cha vifaa. Hakuzunguka. "Makao makuu wananiuliza kwa nini watu wa mpakani hawajui muda. Sina jibu. Ndege ya mchana ina mpaka mwisho wa msimu. Isipojaa wanaipeleka mji mwingine. Na zamu ya mchana inaondoka nayo." Hakumtazama Roida, na Roida hakututazama sisi. Alikuwa anakunja tambara, analikunjua, analikunja.

Nilijaribu kuwauliza waliochelewa. Kila mmoja aliapa kwamba alitoka nyumbani mapema. "Nilitazama simu, bibi, wallahi!" Unamwambia atoe simu, anaitoa, saa ni ileile ya kwetu pale ukutani. Hata yeye anaanza kujishuku kwamba ni mzembe.

Sasa niwaeleze siku ya Enoki Sinkala. Enoki ni mbadilisha fedha pale mpakani Tunduma, na kama hamjamsikia ni kwa sababu ninyi ni viziwi. Akisema bei ya kwacha imepanda, inapanda kwa woga. Siku hiyo alikuwa anampeleka mama yake, Bibi Agnesi, Dar es Salaam. Mdogo wake Bibi Agnesi, aitwaye Debora, alikuwa hospitali huko, anafanyiwa upasuaji kesho yake alasiri, na alikuwa ametuma neno moja: "Dada aje nimwone kwanza." Walinunua tiketi mapema, wakati wa mavuno. Wakafika ndege imeshafunga mlango, iko palepale nje ya kioo, ngazi inaondolewa.

"Ifungue!" Enoki akapiga kaunta. "Si ile pale? Si naiona kwa macho?"

Rehema akasema, "Kaka, samahani sana. Ikishafungwa haifunguliwi."

"Dada yangu, basi linasubiri, treni inasubiri, hata maiti inasubiri ndugu! Nyie mna nini?"

Mimi nilikuwa natoka na mifuko yangu, na nitawaambia ukweli, moyo wangu ulikuwa upande wa Enoki. Lakini nilikuwa nimeshaijua ile mashine. Ingemsubiri Bibi Agnesi leo, kesho ingemsubiri mwingine, na mtu wa Mwanza angechelewa, na aliyekuwa nyuma ya mtu wa Mwanza. Mwisho wake nauli ingepanda ikarudi kwa wenye tai, na Bibi Agnesi asingekuwa na tiketi ya kuikosa. Inapunguza bei kwa sababu haingoji. Ninaishangaa mpaka leo, huruma yake na ukatili wake vimeshonwa kwa uzi mmoja.

Enoki akainua simu yake ya kupangusa juu, kubwa kama kigae. "Tazameni! Watu wote tazameni! Saa saba hii! Ndege ni saa nane! Wezi mchana kweupe!"

Na kweli simu ilisema saa saba na kidogo. Saa ya ukutani ilisema saa nane na kidogo. Rehema akatazama huku, akatazama kule. Mara sauti nyembamba ikatoka kwenye benchi.

"Nilikwambia, Enoki." Alikuwa Bibi Agnesi, ameshika kitochi chake, simu ndogo ya vitufe iliyofungwa mpira. "Asubuhi nilikwambia tumechelewa. Ukaniambia simu yangu imezeeka kama mimi."

Rehema akakichukua kile kitochi. Kilikuwa sawasawa na ukuta.

"Kaka, simu yako ina laini gani?"

"Mbili. Ya huku na ya Zambia, kwa biashara."

"Na saa za Nakonde zikoje?"

Enoki akaigeuza simu yake, akaitazama kama ya mtu mwingine. Kila mtoto wa Tunduma anajua Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Enoki amekula kwa kujua hivyo. Huku wanafungua duka, kule bado wanakunywa chai. Lakini simu ile ilikuwa mpya, akaamini kwa kuwa ni mpya inajua iko nchi gani. Kumbe imelala Tunduma ikisikiliza mnara wa Nakonde.

Rehema akakaa chini, akaanza kucheka na kushika kichwa. "Wote," akasema. "Wale wote! Simu zao zinashika mnara wa Nakonde wakiwa nyumbani. Wanatoka wamechelewa saa nzima. Wakifika Mbozi zinashika minara ya kwetu, zinajirekebisha zenyewe, wakitoa hapa ziko sawa. Mwizi anafuta nyayo njiani!" Enoki wa watu, simu yake ilifuata saa ya laini ya Zambia, na laini hiyo haikupata mnara mwingine njiani, ndiyo maana alitufikishia mwizi akiwa hai. Kwenye basi kosa hilo halikuwahi kumwumiza mtu, maana basi likikuacha kuna lingine linapiga honi nyuma yake.

Kucheka kukaisha. Bibi Agnesi alikuwa bado yuko kwenye benchi, na Debora bado yuko kitandani Dar. Ndege ya asubuhi ilikuwa imejaa kwenye kompyuta. Basi lisingemfikisha kabla ya alasiri. Rehema alipiga simu makao makuu, akaongea muda mrefu akiwa ametupa mgongo, akarudi. "Wamefurahi kujua habari ya saa. Kuhusu Mama, wanasema kiti hakipo, na kama hakipo hakipo."

Nikaenda nikaketi karibu na Bibi Agnesi, kumpa pole tu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Haonga."

"Haonga yupi? Wako wengi kama nyasi."

"Wa Iyula. Baba yangu ni Jeremia."

Akanigeukia mzimamzima. "Jeremia wa Asheri? Mwenye kahawa pale kijitoni?"

"Ndiye."

"Asheri na baba yangu wamenyonya ziwa moja! Mimi ni Haonga kabla sijaolewa na hawa wabadilisha fedha. Ni shangazi yako mimi, na umeniacha nikae kwenye benchi la baridi bila hata maji!"

Nilimpigia magoti palepale, na kizibao changu. Nilipoinuka nilikuwa nimeshajua la kufanya. Kiti changu cha mwaka ule kilikuwa bado. Nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wangu Faraja. Nikamwambia Rehema nakitoa kwa ndugu yangu wa karibu.

"Bibi, wee! Umemjua sasa hivi!"

"Nimemjua sasa, udugu ni wa zamani."

"Kanuni inasema mume, mtoto au mzazi."

"Shangazi kwetu ni baba. Ni baba aliyevaa sketi. Kwenu Ileje siyo?"

Rehema alinitazama, akamtazama Bibi Agnesi, akakuna shingo kwa kalamu. "Hata kwetu," akasema. "Wangu alinichapa kuliko baba mwenyewe." Akaandika mzazi.

Walilala kwangu. Asubuhi tulikuwa kaunta kabla ya wahudumu. Kiti cha kusubiri ni kitu kibaya sana kwa moyo. Unawatazama watu wanaingia na unatamani mmoja wao apate dharura, halafu unamwomba Mungu msamaha, halafu unatamani tena. Foleni ikaisha. Kompyuta ikasema wamefika wote ila mmoja, Gasto Silwimba, wa Tunduma. Tulimngoja kwa macho mlangoni. Bibi Agnesi alikuwa anasali kwa Kinyiha, sikusikiliza anaomba nini. Kaunta ikafungwa. Gasto hakutokea.

"Mzazi wa Bibi Yunisi," Rehema akaita. "Pita."

Alipanda ngazi akishikwa mkono na Kapteni Lameki mwenyewe, kitochi kifuani. Roida, aliyekuja kabla ya zamu yake ya mchana, alikuwa ametoka kukipangusa kiti chake, na alimfunga mkanda kabla ya kushuka.

Ndege ilikuwa imeshapotea mawinguni tulipomsikia Gasto. Aliingia anakimbia, shati limetoka, anapiga kelele za wezi zilezile. Kabla Rehema hajafungua mdomo, Enoki akainuka kwenye benchi alikobaki. "Mwapoleni mukwai, ndugu yangu," akamsalimia taratibu kwa lugha ya ng'ambo ya mpaka, akamwekea mkono begani. "Kaa. Kiti chako amekikalia mama yangu. Njoo nikueleze simu yako inalala nchi gani." Kampuni ilimtafutia Gasto nafasi mchana uleule, viti vya mchana, kama mnavyokumbuka, vilikuwa vingi.

Debora alimwona dada yake kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji, akatoka salama, na nimeambiwa sasa anagombana na kila mtu nyumbani, dalili njema. Kipaimara cha Faraja nilikiona kwenye simu ya mtu, picha inakatika.

Rehema aliweka ujumbe kwenye kila tiketi: saa hii ni ya Tanzania. Lakini ujumbe haukufanya nusu ya alichofanya Enoki. Alisimama mpakani na wale wabadilisha fedha wenzake, kila anayebadilisha kwacha anaulizwa, "Unasafiri? Toa simu tuone." Wachungaji wakatangaza kabla ya sadaka. Noah za Tunduma zikaanza kufika mapema mno, watu wametega saa mbele na kujiongezea nyingine kwa hofu, wamekaa nje kwenye nyasi wanatafuna mahindi ya kuchoma, wanawacheka wa Vwawa wanaokuja mbio. Safu za nyuma zikaanza kuwa na maganda ya karanga. Sikuwahi kufurahia uchafu kama wakati ule.

Hata hivyo hatukuwa na hakika. Msimu uliisha bila neno, na Roida alikuwa amepungua mpaka kizibao kinamzunguka. Siku hiyo tulikuwa ndani ya ndege ya mchana, kila mtu safu yake, tunakimbizana na muda. Rehema akapanda ngazi, kitu ambacho hakifanyi. Akasimama mlangoni na simu mkononi.

"Inabaki," akasema. "Msimu ujao, na unaofuata."

Tabu alipiga kigelegele mpaka mafundi wakachungulia. Mimi nilishika kiti. Roida alikuwa kwenye safu ya kumi na ngapi sijui, anapangusa meza ileile ambayo nilikuwa nimemwona ameshaipangusa. Aliipangusa tena, kwenye kona, polepole, akaifunga. Halafu akauliza, bila kugeuka:

"Kesho zamu ya mchana ni ya nani?"

"Yako," Rehema akamwambia.

Roida akaitikia kwa kichwa, akasogea safu inayofuata.